Mikato ya kibodi kwenye Linux: nani amekichukua kitufe chako?

Mikato ya kibodi kwenye mstari wa amri wa Linux ina tabia moja ya kuudhi: ikigoma, hugoma kimyakimya. Mtu anakupa mstari mmoja, unauweka kwenye faili la usanidi, unafungua terminali upya, unabonyeza, kimya. Au kinatokea kitu kingine kabisa: herufi kama `;5D` zinajiandika zenyewe katikati ya amri, au dirisha zima linajifunga. Wengi wakifika hapo hukata tamaa na kurudi kwenye mshale wa kushoto, bonyeza, bonyeza, bonyeza, ili kurekebisha herufi moja iliyokosewa mwanzoni mwa amri ndefu.

Kwa aliye Gulu au Mbarara anayetunza seva iliyoko Ulaya, mshale huo una gharama asiyoijua mtu aliyekaa jirani na seva yake. Uganda haina pwani. Data yetu hupita Kenya au Tanzania kwanza, kisha huingia kwenye nyaya za baharini kama SEACOM, iliyofika Mombasa mwaka 2009, au EASSy iliyofuata mwaka 2010. Kwa njia ya Mombasa na Bahari ya Shamu, safari mpaka Ulaya hukaribia kilomita 10,000, na mwanga ndani ya nyuzi husafiri kama kilomita 200,000 kwa sekunde. Kwa hiyo hata siku ambayo mtandao ni safi, kwenda na kurudi hula karibu sehemu ya kumi ya sekunde. Siku ambayo bando linasuasua, hula zaidi. Na ukiwa umeingia kwenye seva kwa SSH, njia ya kufanya kazi kwenye kompyuta ya mbali kupitia mtandao, kila unachobonyeza huenda mpaka huko, hushughulikiwa huko, kisha herufi hurudi kuonekana kwenye kioo chako. Mshale wa kushoto hutuma baiti tatu kila unapoubonyeza. Ctrl-A hutuma baiti moja tu, na kishale, ile alama ya mahali unapoandika, kinaruka mpaka mwanzo wa mstari.

Kwa hiyo mikato hii inafaa kujifunza, na inafaa kusanidi. Lakini kabla ya kuhariri faili lolote, yafaa kujua kitufe hupita wapi.

Sheli haiioni kibodi yako

Bash, sheli (programu inayopokea amri zako) iliyozoeleka kwenye Linux, haijui kwamba una kitufe cha mshale. Haijui kwamba una Alt. Inachopokea ni mfululizo wa baiti, tena baada ya wengine kuzichungulia. Kitufe husafiri kama lori linaloingia mpaka wa Malaba: kila dirisha lina haki ya kulizuia, na likizuiwa kwenye dirisha la kwanza, walio dirisha la nne hawatajua kamwe kwamba lilikuwa njiani.

Dirisha la kwanza ni mazingira ya eneokazi. Ukiwa kwenye Ubuntu, Ctrl-Alt-T hufungua terminali mpya. Mchanganyiko huo hautafika kwenye sheli hata uusanidi namna gani. La pili ni programu ya terminali yenyewe. Baadhi hutumia Alt-F kufungua menyu ya faili, wakati Bash ingependa kuitumia Alt-F hiyo kuruka neno moja mbele. Dawa yake haiko kwenye Bash. Iko kwenye mapendeleo ya programu hiyo, mahali pa kuzima vitufe vya menyu. Anayetumia terminali ndani ya kivinjari, kama zile ambazo kampuni za seva za kukodi huwapa wateja wao, ana balaa kubwa zaidi: Ctrl-W, ambayo kwenye Bash hufuta neno, kwa kivinjari maana yake ni kufunga kichupo. Neno halifutwi, unafutwa wewe.

Kama unatumia tmux au screen, programu za kuendesha vikao kadhaa ndani ya terminali moja, hilo ni dirisha la tatu. Tmux hukamata Ctrl-B, na screen hukamata Ctrl-A, ambayo ndiyo ile ya kurudi mwanzo wa mstari. Kwenye screen unabonyeza Ctrl-A kisha herufi a ili baiti yenyewe ipite. Kwenye tmux unabonyeza Ctrl-B mara mbili.

Baada ya hapo kuna kerneli, kiini cha mfumo wenyewe, kupitia kile kinachoitwa tty. Hiki ndicho kinachoshughulikia Ctrl-C ya kuua programu na Ctrl-Z ya kuisimamisha. Na hapa ndipo kilipojificha kisa kinachojirudia katika kila darasa la Linux. Mwanafunzi aliyezoea kuhifadhi hati kwa Ctrl-S anabonyeza Ctrl-S kwenye terminali, na kila kitu kinaganda.

"Mwalimu, seva imekufa."

"Haijafa. Bonyeza Ctrl-Q."

Nayo inafufuka, pamoja na kila alichokuwa ameandika kwa hasira. Ctrl-S ni amri ya kusema "simamisha", na Ctrl-Q ni "endelea", tangu enzi za mashine za teletaipu zilizochapa kwenye karatasi na kuhitaji kupumzishwa zisizidiwe. Mashine hizo hazipo tena, lakini amri zimebaki. Ukitaka kuiachilia Ctrl-S, ambayo kwenye Bash ina kazi nzuri ya kutafuta mbele katika historia ya amri, weka mstari huu kwenye `~/.bashrc`, faili ambalo Bash hulisoma inapoanza:

```
[[ $- == *i* ]] && stty -ixon
```

Sehemu ya kwanza inauliza kama sheli hii inatumiwa na mtu au na programu tu. Usiiondoe. Bila hiyo, amri zinazopita bila terminali, kama kunakili mafaili kwa scp, zinaweza kukutana na `stty` isiyo na terminali ya kurekebisha na kukurushia malalamiko.

Ndipo sasa tunafika dirisha la mwisho: Readline. Hii ni maktaba ya kuhariri mstari ambayo Bash huitumia. Bash iliandikwa na Brian Fox kwa ajili ya mradi wa GNU na kutolewa mwaka 1989, na kwa miaka mingi imetunzwa na Chet Ramey, pamoja na Readline yenyewe. Usanidi wote tutakaouzungumzia kwa Bash hutendeka hapa, dirisha la mwisho. Ndiyo maana mstari ulio sahihi kabisa unaweza usifanye lolote: Readline haiwezi kujibu baiti ambayo haikuifikia.

Baiti zenyewe

Kwa nini Ctrl-M inafanya kazi ileile ya Enter, na Ctrl-I ileile ya Tab? Jibu liko kwenye ASCII, jedwali la herufi lililochapishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1963. Humo herufi A ni namba 65. Kitufe cha Ctrl huondoa 64: Ctrl-A inakuwa 1, Ctrl-B inakuwa 2, na kuendelea. Tab ni namba 9, na herufi ya tisa ni I. Enter ni 13, na ya kumi na tatu ni M. Ctrl-H ni 8, ndiyo ya kurudi nyuma kwa herufi moja. Na mabano ya mraba ya kufungua, ambayo ni 91, yakishikwa na Ctrl yanatoa 27, namba ya Esc. Kwa sheli, hizi si jozi zinazofanana. Ni kitu kilekile. Anayesanidi `\C-i` (yaani Ctrl-I) ifanye kazi nyingine amejiharibia Tab, na atashangaa kwa nini majina ya mafaili hayajikamilishi tena.

Hesabu hiyohiyo inaeleza kwa nini Ctrl-Shift-A, kwenye terminali za kawaida, haitofautiani na Ctrl-A. Nafasi ni 32 tu. Hakuna iliyobaki kwa ajili ya Shift, wala kwa Ctrl pamoja na tarakimu nyingi.

Alt haina nafasi hata moja kwenye jedwali hilo. Terminali nyingi huituma kama Esc ikifuatwa na herufi: Alt-B ni baiti ya 27 kisha b. Kwa hiyo kama Alt yako imekamatwa na programu nyingine, bonyeza Esc, iachie, kisha b. Inafanya kazi vilevile. Hii imeniokoa zaidi ya mpangilio wowote kwenye kompyuta za watu wengine.

Mishale nayo ilichukua njia ndefu zaidi, mtindo ulioenea kupitia terminali ya VT100 ya kampuni ya DEC ya mwaka 1978. Mshale wa juu ni Esc, mabano ya mraba, kisha A. Ukishika Ctrl pamoja na mshale wa kushoto, terminali nyingi za leo hutuma Esc, mabano, kisha `1;5D`. Hiyo 5 ni 1 ukijumlisha 4, ambayo ni namba ya Ctrl. Shift ni 1 na Alt ni 2, kwa hiyo Alt na mshale wa kushoto ni `1;3D`. Sasa unaona `;5D` zilikotoka: Readline ilianza kuusoma mfululizo huo, ikaona hauna kazi iliyopangiwa, ikaiacha mikia yake idondokee kwenye mstari kama maandishi ya kawaida.

Huhitaji kukariri chochote kati ya haya. Andika `cat -v`, bonyeza Enter, kisha bonyeza mchanganyiko unaoutaka. Kinachotokea kwenye kioo ndicho terminali inachotuma, na `^[` husimama badala ya Esc. Usipoona kitu, au menyu ikifunguka, basi kitufe kimekamatwa njiani, na kuhangaika na faili la usanidi ni kupoteza muda. Ukiona `^[[1;5D`, umepata unachotafuta. Toka kwa Ctrl-C. Upande wa pili, `stty -a` inakuonyesha vitufe ambavyo kerneli imejiwekea, na `bind -P` inakuonyesha kila kazi ya Readline na kitufe kilichopewa. Nyingi hazina kitufe kabisa, na kupitia orodha hiyo ni njia nzuri ya kugundua uwezo ambao hukuujua.

Kuna jambo la kwetu hapa ambalo miongozo ya kigeni haiwezi kuligusa. Luganda na Acholi huandikwa kwa herufi ŋ, ambayo haimo kwenye ASCII. Kwenye UTF-8, mfumo wa kisasa wa kuhifadhi herufi, inachukua baiti mbili, zote juu ya 127. Zamani baiti kama hizo zilikuwa njia nyingine ya kutuma Alt. Kwa hiyo kwenye seva ambayo mpangilio wake wa lugha ni C, Readline inaweza kuichukulia ŋ kama mkato, na jina la faili linavurugika au kishale kinaruka. Tiba ni kuipa seva mpangilio wa UTF-8, na kuweka `set convert-meta off` kwenye faili la usanidi. Kiswahili kimeepuka shimo hilo kwa kuandika ng', kikatumbukia kwenye jingine: kiritifu kwa sheli ni alama ya nukuu. Andika `mkdir ng'ombe` uone. Bash itakuonyesha alama ya `>` na kungoja uifunge nukuu uliyoifungua bila kujua.

Faili lenyewe

Readline husoma `~/.inputrc`, faili la maandishi kwenye folda yako ya nyumbani. Kama halipo, husoma `/etc/inputrc` la mfumo mzima. Angalia neno hilo: kama halipo. Haisomi yote mawili. Watengenezaji wa Debian na Ubuntu wameweka mipangilio mizuri kwenye faili la mfumo, na siku unapounda la kwako lenye mstari mmoja tu, hayo yote yanaachwa. Watu hulalamika kwamba waliongeza mkato mmoja wakapoteza mingine, na chanzo huwa ni hiki. Mstari wa kwanza wa faili lako uwe huu wa kuingiza lile la mfumo:

```
$include /etc/inputrc

set completion-ignore-case on
set show-all-if-ambiguous on
set bell-style none

"\e[A": history-search-backward
"\e[B": history-search-forward
"\e[1;5C": forward-word
"\e[1;5D": backward-word

$if Bash
"\es": "\C-asudo \C-e"
"\C-xn": "\C-anohup \C-e > ~/kazi.log 2>&1 &"
$endif
```

Humo `\e` ni Esc na `\C-` ni Ctrl. Mistari mitatu ya `set` inafanya Tab isijali herufi kubwa na ndogo, ionyeshe majina yote yanayowezekana bila kungoja Tab ya pili, na inyamazishe ule mlio wa kuudhi. Haina alama ya sawasawa. Ni `set`, jina, thamani.

Mistari miwili ya mishale ya juu na chini ndiyo ningeiweka hata kama faili lingebeba miwili tu. Kwa kawaida mshale wa juu unakurudisha kwenye amri iliyotangulia, vyovyote ilivyokuwa. Kwa mpangilio huu, ukiandika `ssh` kisha mshale wa juu, unapata amri ya mwisho iliyoanza na `ssh`, na ukibonyeza tena unapata iliyotangulia hiyo. Ukiwa hujaandika kitu, unatembea kwenye historia kama zamani. Hupotezi chochote. Kuna wanaopendelea Ctrl-R, inayotafuta popote ndani ya amri, na kweli ina nguvu zaidi. Lakini mkono huenda kwenye mshale wenyewe, hasa ukiwa umechoka.

Kama mshale wako haukubali, rudi kwa `cat -v`. Baadhi ya terminali, katika hali fulani, hutuma Esc na herufi O badala ya mabano, kwa hiyo unahitaji pia `"\eOA"`. Home na End zina tofauti nyingi zaidi za namna hiyo.

Mistari ndani ya `$if Bash` ni makro: kulia kwa nukta mbili hakuna jina la kazi bali maandishi yanayojichapa kana kwamba umeyabonyeza mwenyewe. Alt-S inarudi mwanzo wa mstari, inaandika sudo, inakwenda mwisho. Ni kwa ile hali ya kuandika amri ndefu kisha kukumbuka kwamba inahitaji ruhusa za msimamizi. Ya pili niliitengeneza kwa sababu ya umeme. Unaanzisha nakala ya hifadhidata kwenye seva ya mbali, stima inakatika, ruta inazima, SSH inakufa, na nakala inakufa nayo. Ctrl-X kisha n inaizungushia amri hiyo `nohup`, inayoiwezesha kuendelea hata SSH ikifa, inaelekeza matokeo kwenye faili, na kuituma nyuma. Ifahamike kwamba `nohup` hushika amri moja rahisi tu. Mnyororo wa amri zilizounganishwa kwa bomba hauingii humo wote.

Tazama kwamba makro hizo haziishii na `\n`, yaani Enter. Ni makusudi. Unaona amri imekaa tayari mbele yako, unaisoma, ndipo unabonyeza Enter mwenyewe. Makro inayojitekeleza yenyewe ikiwa na `sudo` ndani yake, kwenye kitufe ambacho kidole kinaweza kukigusa kwa bahati mbaya, siipendekezi kwa mtu yeyote. Na `$if Bash` ipo kwa sababu Readline si ya Bash peke yake. Kitafuta hitilafu cha gdb, kwa mfano, nacho huitumia na kulisoma faili hilihili, na huko `sudo` haina maana.

Nukuu ndizo zinazowakwamisha wengi. Kushoto zinahitajika. Kulia, kama ni jina la kazi, hazitakiwi. Ukiandika `"\e[A": "history-search-backward"`, umetengeneza makro, na kila ukibonyeza mshale wa juu maneno hayo yatajiandika kwenye mstari wako. Ukitaka kujaribu mkato bila kugusa faili, tumia amri ya `bind` na nukuu moja za nje: `bind '"\es": "\C-asudo \C-e"'`. Ukifunga sheli, inasahaulika. Na ukiwa umehariri faili, huna haja ya kutoka na kuingia upya. Ctrl-X kisha Ctrl-R hulisoma tena.

`bind` ina uwezo mmoja ambao faili la `.inputrc` halina: kuendesha amri kabisa bila kuuharibu mstari uliokuwa unauandika. Hii huwekwa kwenye `~/.bashrc`:

```
bind -x '"\C-xd": df -h'
```

Uko katikati ya kuandika amri ya kunakili mafaili mazito, unajiuliza kama diski ina nafasi. Ctrl-X kisha d inakuonyesha, na amri yako nusu inabaki palepale. Nimetumia Ctrl-X kama mlango wa mikato yangu yote kwa sababu Readline imejichukulia michache tu baada yake, mmojawapo ukiwa ni Ctrl-X Ctrl-E, unaofungua amri yako kwenye kihariri kamili cha maandishi na kuiendesha ukihifadhi na kutoka. Kwa amri za mistari mitano, hakuna kinachoshinda huo.

Sasa mkato unaowachosha hata wazoefu. Ctrl-W hufuta nyuma mpaka kwenye nafasi tupu, kwa hiyo ukiwa umeandika `/var/www/html/picha` inafuta njia nzima. Wengi wangependa isimame kwenye mkwaju (`/`). Wanaandika `"\C-w": backward-kill-word`, mstari ulio sahihi kabisa, na Ctrl-W inaendelea na tabia yake. Kitufe kimefika, hakikukamatwa njiani. Tatizo ni kwamba kerneli ina Ctrl-W yake ya kufuta neno, na Readline, kwa heshima, huvifunga upya vitufe vichache vya kerneli kila inapotoa mstari mpya, ikikanyaga ulichoandika. Lazima uizuie kwanza:

```
set bind-tty-special-chars off
"\C-w": backward-kill-word
```

Ctrl-U nayo iko kwenye kundi hilo.

Walio wa vi watataka `set editing-mode vi`. Vihariri vya vi na Emacs vyote vilizaliwa mwaka 1976, na ugomvi wa wafuasi wao haujaisha. Readline ikachukua njia ya kuwapa wote, Emacs ikiwa chaguo la kuanzia. Kwa mhariri wa vi mwenye mtandao mzito, jihadhari na ushauri wa kupunguza `keyseq-timeout`. Ni muda, milisekunde 500 usipoigusa, ambao Readline hungoja kuona kama Esc ni Esc ya mtu au mwanzo wa mfululizo wa mshale. Ukiushusha mpaka 10 kwenye laptopu yako, raha. Kwenye seva ya mbali, baiti za mshale zikitokea kufika zikiwa zimeachana, ni nadra lakini hutokea, mshale utageuka Esc na herufi mbili zisizotakiwa.

Seva, simu, na sheli nyingine

Kwa kuwa Readline inayokuhudumia ukiwa kwenye SSH ni ile ya seva, `.inputrc` ya laptopu yako haina kazi huko. Inabidi uinakili: `scp ~/.inputrc` na anwani ya seva. Makro zitasafiri nayo, lakini mipangilio ya `stty` na `bind -x` iko kwenye `.bashrc`, na hiyo ni safari nyingine. Mosh, programu iliyotolewa mwaka 2012, hupunguza maumivu ya mtandao kwa kukisia na kuonyesha herufi kabla seva haijajibu, lakini haibadilishi mikato.

Wanaojifunza Linux kwa simu, na ni vijana wengi, hutumia Termux kwenye Android. Bash ni ileile na `.inputrc` ni lilelile. Kibodi ya simu haina Ctrl, lakini kitufe cha kupunguza sauti hufanya kazi hiyo: ushike, gusa a, umerudi mwanzo wa mstari. Juu ya kibodi kuna safu ya vitufe vya ziada, Esc na Alt vikiwemo, na unaweza kuipanga upendavyo kwenye `~/.termux/termux.properties`.

Laptopu iliyotumika Ulaya ni jambo jingine la kuangalia kabla ya kulaumu sheli. Yenye kibodi ya Kijerumani ina mabano ya mraba nyuma ya AltGr, na Z na Y zimebadilishana, ya Uingereza imehamisha `"` na `@`. Kama mfumo unadhani una kibodi ya Marekani, unachokiona kwenye kitufe sicho kinachotumwa. Kwenye X11, mfumo mmojawapo wa kuonyesha madirisha kwenye Linux, `setxkbmap gb` au `setxkbmap de` hurekebisha papo hapo. Na ukiwa hapo hapo, `setxkbmap -option ctrl:nocaps` hugeuza Caps Lock kuwa Ctrl ya pili. Kidole kidogo kitashukuru.

Anayetumia Zsh asilitafute `.inputrc`, Zsh hailisomi, ina mhariri wake. Mikato huwekwa kwenye `~/.zshrc` kwa `bindkey`:

```
bindkey '^[[A' history-beginning-search-backward
bindkey '^[[1;5D' backward-word
```

Baiti ni zilezile. Ni majina ya kazi na namna ya kuandika Esc tu vilivyobadilika. Kuna mitego miwili. Ctrl-U kwenye Zsh hufuta mstari wote, si mpaka mwanzo tu kama Bash. Na kama umeweka `EDITOR=vim`, Zsh inaona herufi "vi" humo na kujihamishia kwenye hali ya vi bila kukuuliza; `bindkey -e` huirudisha. Fish nayo ina `bind` yake, pamoja na programu ndogo ya `fish_key_reader` ambayo unabonyeza kitufe nayo inakuambia uandike nini.

Limebaki suala la akaunti moja inayotumiwa na watu kadhaa kwenye seva ya ofisi. Ukiweka `.inputrc` yako pale, mwenzako atakuta Ctrl-W haifanyi alivyozoea na hatajua aulize nani. Hifadhi faili lako kwa jina jingine, kisha anzisha sheli yako kwa kutaja njia yake:

```
INPUTRC=~/.inputrc-yangu bash
```

Ukitoka kwenye sheli hiyo, mipangilio inatoka nawe. Ukiingia `sudo -i` ukiwa ndani yake, mikato yako itatoweka, kwa sababu sasa umehamia folda ya nyumbani ya root, mtumiaji mkuu wa mfumo, na mazingira yake. Ukiihitaji huko pia, rudia amri hiyohiyo ukitaja njia kamili ya faili, kwa kuwa `~` sasa ni ya root.